Kakao ya Kuagana

Kilosa, jioni ya kuamkia safari

Mama mkwe wangu, Bibi Mwantumu, mkubwa wetu sote tuliokaa barazani hapa: shikamoo, Mama. Shemeji yangu Mzee Ramadhani, uliyesimama mahali pa mdogo wako tangu alipotutoka: shikamoo. Wifi yangu Asha, uliyeomba ruhusa shambani Kilangali ili uwepo asubuhi hii, nakushukuru. Na wewe mwanangu Zuhura, unayesoma maneno haya kwa sauti kwa sababu nimekuomba, nimekutaja mwisho kwa utaratibu wa umri tu. Barua ni yako. Hawa wengine wamealikwa kusikiliza, na kabla hujaikunja watatakiwa kutenda jambo.

Mniwie radhi kwa kutosema kwa mdomo. Nimesimama mbele ya watu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mwalimu mkuu akimaliza hotuba ya mahafali huitwa harusini, na akitoka harusini huitwa msibani kutoa neno la shukrani, na hata kustaafu hakukuniondolea kazi hiyo. Lakini najijua. Leo ningesimama, ningeanza vizuri, na nikifika kwenye jina la baba yako sauti ingekatika, na nyote mngenihurumia. Sitaki kuhurumiwa asubuhi hii. Nataka kusikilizwa.

Ninapoandika, Zuhura, wewe uko Rudewa kwa bibi yako, umekwenda kumuaga, na mtarudi pamoja alfajiri. Nyumba ni yangu peke yangu. Nimesonga ugali wa mtu mmoja na nimekosea. Mkono umezoea sufuria ya watu wawili, na maji niliyoinjika yalidai unga wake. Nimekula nilichoweza, nimefunika kilichobaki, kisha nikakaa nikikitazama kifuniko. Treni ya mizigo imepita stesheni. Wewe huwa unasema, "Hiyo inakwenda bara," na mimi huwa najibu, "Au inatoka." Leo imepita bila neno.

Sitakuandikia habari za sweta. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, kuswali kwa wakati, wala kuchagua marafiki. Wewe ni muuguzi, umepangiwa kazi Makete kwenye baridi. Mambo ya mwili unayajua kunizidi, na ya roho nimekufundisha kwa miaka yote uliyonitazama, mazuri na mabaya, kwa hiyo kama hayajaingia basi karatasi haitayaingiza. Nataka kukuandikia habari za kakao.

Juzi ulikuwa unakunja nguo. Ulikunja gauni moja, ukalikunjua, ukalikunja tena. Kisha ukasema bila kunitazama, "Mama, ukisema nibaki, nabaki." Nikakuambia uende kwanza Rudewa kumuaga bibi yako. Hilo halikuwa jibu, na wewe ulijua, ndiyo maana begi limeachwa wazi kitandani.

Kabla ya hapo Mzee Ramadhani alikuwa amekwisha kulitolea suala hili njia yake. Shemeji, nakunukuu, unirekebishe nikikosea. Ulisema, "Mwalimu, mtoto mmoja, tena wa kike, halafu Makete? Huko watu wanalala na moto chumbani. Aende akaripoti, sawa, asije akapoteza kazi. Mimi wiki hii hii nakwenda kumwona mtu ofisini, tunaanza habari ya uhamisho. Tunaandika mama mjane, yuko peke yake, hana mwingine. Kabla mahindi hayajakauka shambani huyu amerudi."

Wifi Asha ukaongeza, "Na akichelewa, wifi yangu atakaa na nani? Na paka?"

Tulicheka sana. Halafu mlipoondoka nikakumbuka kwamba hata paka sina.

Mpango ule ni mwema. Umetoka kwa watu wanaonipenda, na nilipousikia moyo wangu ulikwenda kuusalimia kabla akili haijatoka nje. Kinachonizuia ni kwamba nimewahi kuusikia mpango wa namna hiyo katika baraza hii hii, na safari ile aliyeuleta alikuwa mimi.

Baba yako Athumani alikuwa mpishi Mikumi, katika hoteli ya watalii karibu na mbuga. Unayakumbuka mambo ya mwisho wake. Sijui kama unayakumbuka ya mwanzo. Alianza kwa kumenya viazi. Watalii wale huamshwa kukiwa bado na giza ili wakawaone wanyama, na asubuhi za Juni na Julai, ndani ya gari lililo wazi, upepo wa Mikumi si wa mchezo. Kazi ya kuwapashia kinywaji wakapewa wapishi wadogo. Wenzake walikoroga unga wa kakao kwenye maji ya moto na kumimina maziwa juu. Baba yako alionja, hakuridhika. Siku ya mapumziko akaenda stendi ya Mikumi, akangoja basi linalotoka Ifakara, akanunua mbegu za kakao kwa mama mmoja aliyekuwa amezifunga kwenye kipande cha shuka. Alisema alitaka kujua kitu hicho kilikuwa nani kabla hakijawa unga.

Nyumbani alikuja kila alipopewa likizo, akatumia kinu chetu na upekecho wa bibi yako. Mama, nadhani bado hujamsamehe. Upekecho ule ulikuwa wa mlenda, mti mwembamba wenye vidole vinne chini, na mwanao aliuchukua bila kuaga. Ulimwambia, "Athumani, mlenda wangu umeanza kunuka Uzungu." Akakujibu, "Mama, Wazungu wenyewe hawana hiki. Wakikiona watakitia kwenye kioo." Ukamwachia.

Zuhura, wewe ulikuwa unakaa chini, mgongo kwenye mlango wa jiko, ukimtazama. Mimi nilikuwa ndani nikisahihisha madaftari. Nataka uijue tofauti ya mahali tulipokaa, kwa sababu kila nilichokosea baadaye kilianzia hapo.

Alikuwa anaipika siku ya mwisho ya likizo, jioni ya kuamkia kurudi Mikumi. Siku nyingine hakuipika hata ukimlilia. Asubuhi yake alikuwa amekwisha kumwagiza yule mama wa Kimasai anayepita na maziwa, amletee yale mazito ya jioni, yasiyoguswa maji. Mwaka mmoja ng'ombe waliingia mashamba ya Rudewa na watu wa kwetu wakaapa kutonunua maziwa kwa wafugaji. Yeye alinunua, tena mchana kweupe, na alikuita wewe, Shemeji, uje unywe. Wote tunalikumbuka neno lako. Ulikishika kikombe, ukapiga fundo moja, ukafumba macho, ukasema, "Haya ni mahindi yangu. Yamepita kwa ng'ombe, yamekuja kuniomba radhi." Kisha ukaomba kikombe kingine.

Mimi sikunywa. Kila safari alinimiminia kikombe, na kila safari nilikiacha mezani kikapoa, kikaota utando juu, na utando ukakunjana kama ngozi. Nilikuwa na hasira ya kuachwa, na hasira yangu ilikuwa ya heshima: haikupiga kelele, iliacha tu vikombe. Asubuhi aliondoka nikiwa natazama pembeni. Alikiosha kikombe mwenyewe kabla ya kwenda stendi. Ninakuomba, ukipata mtu wa kuishi naye huko, mgombeze. Mwambie umekasirika. Kikombe kilichoachwa mezani hakiwezi kujibiwa.

Aliniomba tuhamie Mikumi. Shule ilikuwepo, walimu walihitajika, na yeye alikuwa amekwisha kuuliza habari za nyumba. Nilikataa; nilikuwa nimepewa ualimu mkuu hapa muda si mrefu, na niliipenda kazi ile kama yeye alivyoipenda yake. Kukataa huko sikujutii. Kila mmoja wetu alikuwa na jiko lake. Ninachojutia ni kwamba sikuweza kuvumilia yeye awe na lake.

Wewe ulikuwa darasa la sita nilipoitisha kikao. Baraza hii, mkeka huu, na watu ni hawa mnaosikia, pungufu mmoja. Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa mgeni rasmi. Nilisimama, nikawasalimu kwa mpangilio wa heshima, kama nilivyofanya leo, kisha nikasema, "Mwanamume anayewaamkia wageni na vinywaji vya moto kabla jua halijatoka, huku mwanawe mwenyewe anaamka hana baba wa kumwamkia, huyo ana nyumba ngapi?" Watu waliguna. Nikaendelea. Nilieleza mtoto anavyokua, nikaeleza usiku ulivyo mrefu, nikaeleza heshima ya ukoo. Sikusema uongo hata mmoja. Nilizungumza vizuri, Zuhura, na hilo ndilo kosa lenyewe. Nilikuwa na jambo dogo la kusema, kwamba namkosa mume wangu, na badala ya kumwambia yeye nililigeuza kuwa hotuba ambayo hakuna mtu angeweza kuipinga.

Mama, wewe ulisema, "Athumani, umesikia. Rudi nyumbani."

Akasema, "Nimesikia, Mama."

Hakuulizwa neno jingine. Mimi mwenyewe sikumuuliza. Nilikaa chini nikiwa nimeshinda, na nakumbuka wifi Asha alinifinya mkono kunipongeza.

Alirudi. Yaliyofuata uliyaona, lakini uliyaona kwa macho ya mtoto aliyefurahi kuwa na baba, na furaha hiyo ilikuwa haki yako, sitaki kuichafua. Alifungua kibanda karibu na stesheni. Mwanzo alijaribu kuuza kakao. Katika joto hili la Kilosa, ambapo mtu akiwaza chai tu kanzu inamlowa, yeye alisimama nyuma ya sufuria akipekecha. Siku moja nilipita nikasikia vijana wa bodaboda wakimtania. "Oya mzee, huu uji wa ulezi au oili chafu?"

"Onja," akasema. "Ikiwa oili utawaka mwenyewe bila kupigwa kiki."

Walicheka, naye akacheka, na hakuna aliyeonja. Baadaye akauza chai ya tangawizi na chapati kama vibanda vingine. Hakuwa na uchungu, wala hakulewa, wala hakunitupia lawama. Alikuwa mume mwema na jirani mwema. Ila alikuwa kama redio iliyopunguzwa sauti; unajua inasema, lakini inabidi usogee.

Jioni moja ya baridi, upepo unatoka milima ya Ukaguru, mimi mwenyewe nilimwomba. Nikasema, "Baba Zuhura, leo tupikie ile kakao." Lilikuwa ombi langu la kwanza la namna hiyo, na nililisema kama mtu anayeomba msamaha kwa njia ya uani.

Akanitazama kwa upole. "Ile ni ya kuagana," akasema. "Sasa sisi hatuagani."

Ndivyo alivyokwenda. Ugonjwa wake ulikuwa mfupi, na usiku aliotutoka wewe ulikuwa chuoni na mimi nilikuwa nimesinzia kwenye kiti. Hatukuagana.

Baada ya arobaini nilipanda basi mpaka Mikumi, nikasimama stendi pale pale alipokuwa akisimama, nikanunua mbegu za kakao kutoka basi la Ifakara. Nilirudi nazo, na nikafanya kosa ambalo ni sisi wa huku tu tungelifanya. Nilizifanya kama mahindi. Nilizitwanga kidogo zitoke maganda, nikazitia kwenye ndoo ya maji, nikaziloweka, nikazianika juu ya mkeka uani, kama tunavyofanya tukitaka sembe nyeupe. Niliona ni usafi. Ulipofika likizo ulinikuta nimesimama juu ya mkeka, mbegu zimevimba, zimeota ukungu, zinanuka kama soksi.

Ulisema, "Mama, umezizamisha."

Nikasema, "Nimezilainisha."

"Hazitaki maji. Maji ni adui yake." Kisha ukacheka mpaka ukakaa chini, na mimi nikacheka, na katikati ya kicheko nikalia, na wewe ukaenda kuchukua ufagio. Hapo ndipo nilipojua kwamba utakuwa muuguzi mzuri.

Ni wewe uliyenifundisha. Miaka yote nilikuwa nasahihisha madaftari ya watoto wa watu, na mwanangu alikuwa amekaa mlangoni anajifunza kitu ambacho mimi nililala nacho nyumba moja na sikukijua. Nitakiandika hapa kama ulivyonifundisha, ili wazee hawa wajue kilichokuwa ndani ya vikombe walivyokuwa wakivimaliza, na ili nijihakikishie kwamba nimeshika.

Mbegu hukaangwa kwa moto wa upole, kikaango kizito, bila mafuta, mpaka maganda yaanze kupasuka na nyumba inukie kama mkate unaotaka kuungua. Zikipoa hufikichwa na kupepetwa kwenye ungo. Halafu kinu. Kinu kikiwa baridi utatwanga mpaka jioni na utapata chengachenga. Kinu lazima kiwe na joto, na kikavu kabisa. Baba yako alikuwa akikiweka juani tangu asubuhi, mdomo umeelekea jua, na jua hili la Kilosa tunalolilaani kila siku ndilo lililomsaidia. Ukitwanga kwenye kinu chenye joto unafika mahali unga unakataa kuwa unga. Unashikana, unang'aa, mafuta yanatoka ndani yake yenyewe, na mchi unaanza kuzama kama kwenye tope. Wengi huishia kabla ya hapo, wakidhani wameharibu. Hapo ndipo pa kuanza kutwanga kwa bidii. Ule uji mzito hufinyangwa madonge, huachwa kivulini mpaka yakauke.

Maziwa hupashwa kwenye mkaa uliofunikwa majivu. Donge hukwanguliwa kwa kisu, na makwanguo yake huanza kupondwa na maziwa machache ya moto pembeni, yalainike bila vidonge, ndipo yarudishwe sufuriani na sukari na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Halafu upekecho katikati ya viganja, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Yakianza kupanda pembeni unaepua, yakitulia unarudisha. Utando ukitokea usiutoe. Huo ndio utajiri wenyewe; unaupekecha urudi ndani. Mimi nilikuwa nautazama ukikunjana kwenye kikombe changu na kuuona kama uchafu.

Tangu hapo, kila ulipokuwa nyumbani na upepo wa Ukaguru ukashuka, tulipika. Hatukuiita ya kuagana. Tuliiita kakao tu, na tulikunywa kwenye ngazi ya uani tukisema habari za wagonjwa wako na wanafunzi wangu wa zamani. Nadhani hiyo ndiyo miaka niliyokuwa na raha kuliko yote, na ninaiandika bila aibu mbele ya ndugu wa marehemu mume wangu, kwa sababu naye alikuwemo.

Jioni hii nilijaribu peke yangu. Nilitaka kuona nitakavyoishi. Nilitia maziwa ya kikombe kimoja sufuriani, nikateremsha upekecho, nikasokota, na maziwa yakaruka nje yote, yakanipiga kifuani. Upekecho unahitaji kina. Vidole vyake lazima vizame, na maziwa ya mtu mmoja hayana mahali pa kuvizamisha. Sikulijua hilo. Hata baba yako hakulijua, kwa sababu hakuwahi kupikia mtu mmoja. Nimefuta sakafu, nimebadili kanga, nimekaa kuandika.

Nakueleza hili si ili unihurumie na kulisukuma begi lako uvunguni. Nakueleza kwa sababu ukisoma barua yenye mama shujaa asiyeumia, utajua kwamba ni uongo, na ukishajua mama yako ni mwongo hutaamini sehemu nyingine. Kwa hiyo uwe na ukweli wote mkononi. Nyumba hii itakuwa kubwa mno. Nitasikia geti la jirani na kuinuka. Nitapika ugali mwingi kwa muda, halafu mkono utajifunza, na siku utakapojifunza nadhani ndiyo itakuwa siku mbaya kuliko zote. Nitazungumza harusini vizuri zaidi kuliko zamani, maana ndipo patakuwa mahali pekee pa kuzungumza. Hayo ni yangu. Nimeyapima, ni mazito, na ninayabeba.

Lakini nimemwona mtu mmoja akirudishwa nyumbani kwa upendo. Ni mimi niliyemrudisha, na nilipewa nilichoomba, nikakaa nacho kila siku kwenye meza moja, na kila siku nilijua kwamba sehemu yake niliyokuwa naipenda imebaki Mikumi imesimama jikoni gizani ikipasha maziwa. Shemeji, uhamisho ule ukifanikiwa, ndivyo nitakavyompata huyu. Atarudi. Atasema, "Nimesikia, Baba mkubwa," kama baba yake alivyosema. Atakuwa mwema kwangu. Na mimi nitakuwa nasogea kusikia sauti.

Huko Makete kuna watu wanaougua kama wanavyougua hapa, na kuna baridi ambayo kinywaji cha baba yake kilikuwa kinaingoja siku zote. Alikipika katika mji ambao haukukihitaji. Huyu anakipeleka kinakohitajika.

Basi, ndugu zangu, nafika mwisho, na hapa naomba kikao kinisikilize kama kikao. Baraza hii iliwahi kupitisha uamuzi kwa sababu nilizungumza vizuri na mwenye jambo hakuulizwa. Leo mimi nimenyamaza, na sauti mnayoisikia ni ya mwenye jambo mwenyewe. Uamuzi ninaouweka mbele yenu ni kwamba hakuna mtu atakayekwenda ofisi yoyote kuulizia uhamisho wa Zuhura, si wiki hii wala kabla ya mavuno wala baada yake, isipokuwa Zuhura mwenyewe akiutaka, kwa sababu zake, na jina langu halitatumika kuwa sababu. Mama, ulipomwambia mwanao arudi, alikutii. Nakuomba umwambie mjukuu wako aende. Neno lako ndilo litakalomtoa.

Upekecho anaondoka nao. Mama, ni mali yako, kwa hiyo naomba ruhusa yako mbele ya watu, jambo ambalo mwanao hakulifanya. Madonge ya kakao nimemfungia kwenye kitambaa ndani ya begi, chini ya yale magauni, ambayo nimeyakunja mimi, na nimelifunga. Maziwa yako jikoni. Yule mama wa Kimasai ameyaleta mazito, sufuria imejaa, ina kina cha kutosha. Zuhura atapekecha kwa mara ya mwisho katika nyumba hii, na kila mmoja atakunywa. Changu nitakinywa cha moto. Mnaruhusiwa kunitazama.

Kisha nitapanda naye basi mpaka Mikumi. Zaidi ya siku ile niliyofuata mbegu sikuwahi kushuka hapo, wala sikuwahi kumsindikiza mtu hapo. Nitasimama kando ya barabara kuu mpaka basi la Njombe lije, nitamwona akipanda, nami nitarudi na basi la jioni. Asije mtu kunisindikiza mimi.

Zuhura, uliniuliza swali na nilikwepa. Jibu langu ni hili: sitaki uende. Nenda.

Shemeji, begi liko mlangoni. Naomba ulibebe wewe.